Kuendesha shahada ndani ya chuo cha kati: mwongozo kamili kwa vyuo vya Tabora na Kigoma

Wakuu wa taaluma wa vyuo vya kati huku magharibi huuliza jambo lilelile: shahada tumeianza, wanafunzi wapo, walimu wapo, mbona mambo yanakwama mwaka wa pili au wa tatu? Sababu ninayoiona karibu kila mara ni moja. Shahada imeingizwa kwenye ratiba ya stashahada kama vile ni darasa jingine limeongezeka. Walimu ni walewale, vipindi ni vilevile, maswali ni yaleyale, kilichobadilika ni jina la cheti.

Mwongozo huu ni wa chuo ambacho tayari kinatoa astashahada na stashahada, yaani ngazi za 4 hadi 6 za Tuzo za Taifa za Ufundi (NTA), na sasa kinataka kufundisha NTA 7 na 8, kwa jina lake chenyewe au kwa kushirikiana na chuo kikuu. Ufuate kwa mpangilio uliopo. Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote, usiiruke.

## Unachohitaji mezani kabla ya kuanza

- Cheti cha usajili na cha ithibati cha chuo, na tarehe zake za kuisha.
- Orodha ya walimu wote: shahada walizonazo, fani, na idadi ya vipindi wanavyofundisha sasa hivi kwa wiki.
- Ratiba ya stashahada inayotumika muhula huu, ile halisi iliyobandikwa ukutani.
- Orodha ya vyumba, idadi ya viti vya kila chumba, na saa ambazo viko wazi.
- Matokeo ya wahitimu wako wa stashahada wa miaka mitatu iliyopita.
- Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu, na miongozo ya mitaala ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).
- Mtu mmoja mwenye jina na barua ya uteuzi, atakayekuwa mratibu wa shahada. Kamati peke yake haitoshi. Barua ikifika, lazima pawe na mtu wa kuijibu.

## Hatua ya 1: Amua shahada itakuwa ya nani

Njia ni mbili. Ya kwanza, chuo chako kinatoa tuzo chenyewe chini ya NACTVET, kwa mtaala wa NTA 7 na 8 ulioidhinishwa. Ya pili, chuo kikuu ndicho kinachotoa shahada na ninyi mnafundisha, au mnatoa madarasa, maabara na walimu wasaidizi kwa makubaliano. Nchini Uingereza njia hii ya pili ni ya kawaida sana: vyuo vya elimu endelevu hufundisha, chuo kikuu husimamia ubora na kutoa tuzo.

Kwa chuo kidogo cha Kasulu au Nzega, ushauri wangu ni kuanza na njia ya pili. Utajifunza kutunga mitihani ya shahada na kupokea watahini wa nje ukiwa chini ya mfumo uliokwisha kukomaa. Ukiwa na fani ambayo vyuo vikuu vingi havina, kama ufugaji nyuki kwa Tabora, hapo njia ya kwanza ina maana.

Tahadhari. Makubaliano na chuo kikuu yaandikwe na yajibu maswali haya waziwazi: nani anadahili, nani anatunga mtihani, nani anasahihisha, ada inagawanywaje, na wanafunzi watakwenda wapi makubaliano yakivunjika. Swali la mwisho ndilo watu huona haya kuliuliza, na ndilo linalomlinda mwanafunzi.

Utajua umefaulu pale mwanafunzi akiuliza jina la taasisi litakaloandikwa kwenye cheti chake, na kila mfanyakazi wa chuo, hadi wa getini, akampa jibu moja.

## Hatua ya 2: Hesabu saa za walimu, za miaka mitatu

Chukua karatasi. Chukulia programu ya miaka mitatu yenye moduli tano kila muhula, kila moduli ina saa nne za darasani kwa wiki.

Mwaka wa kwanza una moduli tano tu kwa muhula, kwa hiyo ni saa 20 kwa wiki. Wahadhiri wawili wanazimudu. Mwaka wa pili ukianza, wa kwanza unaendelea na wanafunzi wapya, zinakuwa saa 40. Mwaka wa tatu ni saa 60. Ukimpa kila mhadhiri saa 10 za darasani, ambacho naona ndicho kiasi kinachomwachia nafasi ya kuandaa, kusahihisha na kusimamia tafiti, unahitaji wahadhiri sita ambao hawana mzigo mwingine wa stashahada.

Hapa ndipo vyuo vinapodanganyika. Mwaka wa kwanza huenda vizuri kwa watu wawili, uongozi unafurahi, udahili unaongezwa. Mwaka wa tatu mambo yanapasuka, na kwa wakati mbaya kabisa, kwa sababu ndio mwaka wa utafiti. Wanafunzi 60 wa mwaka wa tatu, ukimpa kila msimamizi 10, wanataka wasimamizi sita. Nusu saa tu ya kila mwanafunzi kwa wiki ni saa tano za kila mhadhiri juu ya zile 10 za darasani.

Sasa fanya hivi:

1. Andika majina ya walimu wenye shahada ya uzamili au zaidi katika fani husika. Mwenye shahada ya kwanza anaweza kusaidia semina na maabara, lakini asikabidhiwe moduli ya shahada peke yake.
2. Mbele ya kila jina andika vipindi vyake vya sasa. Mkufunzi mwenye vipindi 24 vya stashahada ana nafasi sifuri ya shahada, hata akisema anaweza. Wengi husema wanaweza.
3. Amua nani atachukua vipindi vya stashahada anavyoachishwa kila mhadhiri wa shahada, na uandike jina.
4. Linganisha na saa 20, 40 na 60. Pengo unaloliona ndilo bajeti yako ya ajira na ya kusomesha walimu.

Anza kusomesha mapema. Mwalimu anayekwenda kusoma uzamili leo atarudi baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, wakati mwaka wako wa pili umeshaanza.

Tahadhari. Usitegemee walimu wa muda wanaotoka mbali kwa moduli za msingi. Mtu wa Mwanza au Dodoma anayekuja kufundisha Kigoma mwisho wa wiki atafundisha saa nane kwa siku mbili kisha aondoke. Wanafunzi watapata maelezo, ila hawatampata mtu wa kumuuliza Jumatano.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha jedwali la miaka mitatu ambalo kila moduli ina jina la mtu na hakuna jina lililovuka saa zake.

## Hatua ya 3: Mtaala na ithibati, halafu ndipo tangazo

Mtaala wa NTA 7 na 8 huanza na uchambuzi wa soko la ajira. Usiufanye kwa kutuma dodoso Dar es Salaam. Nenda kwa waajiri watakaowachukua wahitimu wako: halmashauri, shirika la reli, vyama vya msingi vya ushirika, hospitali ya rufaa ya mkoa, wasindikaji wa asali na mawese. Waulize kitu ambacho mwenye stashahada hawezi kufanya leo, na wangependa kuona mtu akikifanya. Majibu yakiwa matupu, hiyo ni dalili kwamba shahada hiyo haihitajiki bado.

Kwa krediti, kanuni ya kushika ni kwamba krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Hesabu hii utairudia kwenye ratiba.

Tahadhari. Usitangaze, usipokee ada ya maombi, usibandike hata karatasi stendi kabla barua ya ithibati ya programu haijafika. Mwanafunzi aliyedahiliwa kwenye programu isiyotambuliwa hapati mkopo wa Bodi ya Mikopo, na tuzo yake haitakubalika anakoomba kazi. Mzazi aliyeuza mazao ili kulipa ada hana pa kudai miaka yake.

## Hatua ya 4: Udahili, na namba inayosahauliwa

Kwa kiwango cha chini cha jumla, mwombaji wa kidato cha sita anahitaji principal mbili (ufaulu wa A hadi E katika masomo makuu) zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye stashahada anahitaji wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Programu nyingine zinadai zaidi ya hapo. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika, maana masharti hubadilika.

Wahitimu wako wa stashahada wanahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET ili waombe shahada popote, hata kwako. Chuo kikichelewa kuwasilisha matokeo, namba haitoki, na vijana wako wenyewe wanakosa dirisha la udahili huku viti vyako vikibaki vitupu. Mpe ofisa mitihani tarehe ya mwisho ya kuwasilisha matokeo, na iwe wiki kadhaa kabla dirisha halijafunguliwa.

Kwa Kigoma kuna la ziada. Waombaji waliosoma Burundi au Kongo wanatakiwa kupata ulinganisho wa vyeti vyao vya sekondari kutoka Baraza la Mitihani (NECTA). Waelekeze siku ya kwanza wanapouliza, wasingoje wiki ya usajili.

## Hatua ya 5: Ratiba yenye nafasi ya kusoma

Muhula wa wiki 15 wenye krediti 60 ni saa 600 za kazi, sawa na saa 40 kwa wiki. Darasani ni saa 20. Saa 20 zilizobaki ni za mwanafunzi kusoma, kuandika na kujadiliana na wenzake.

Ratiba ya stashahada humjaza mwanafunzi vipindi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Ukimpa mwanafunzi wa shahada ratiba hiyo, hatasoma kitu nje ya daftari, na mwisho wa muhula atakujibu kwa maneno yako mwenyewe.

Gawa saa nne za kila moduli hivi: mhadhara saa mbili, semina saa moja, vitendo au mazoezi saa moja. Semina isizidi watu 25; wakizidi, ligawe darasa, na saa za makundi ya ziada uziongeze kwenye hesabu ya hatua ya pili. Wape makala ya kusoma wiki moja kabla, mwanafunzi mmoja aongoze mjadala, mhadhiri azungumze mwisho. Ukimya wa dakika za mwanzo utakuwa mrefu wiki mbili tatu za kwanza. Uvumilie. Mhadhiri akiujaza kwa maelezo, semina imegeuka mhadhara na haitarudi tena kuwa semina.

Saa za kusoma ziandike kwenye ratiba, na ziwekee chumba. Wanafunzi wengi wamepanga mitaani, Isevya au Cheyo kwa Tabora, Mwanga au Gungu kwa Kigoma, wawili watatu chumba kimoja, na umeme ukikatika hakuna anayesoma. Chumba kimoja kilicho wazi hadi saa nne usiku, chenye meza, taa za sola na mlinzi, kina faida kuliko jengo jipya la utawala.

Lugha nayo ina uzito wake. Shahada inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na uandishi wa kitaaluma ni kitu kipya kwa wengi, wa kidato cha sita na wa stashahada. Weka moduli ya uandishi muhula wa kwanza, ifundishwe kwa kazi za fani yao: wafupishe makala ya nyuki, waandike marejeleo ya ripoti ya uvuvi. Katika semina, ruhusu Kiswahili wakati wa kufikiri na Kiingereza wakati wa kuandika.

Utajua umefaulu ukipita maktaba Jumanne saa tisa alasiri ukakuta wanafunzi wa shahada wanasoma, na hakuna mtihani wiki hiyo.

## Hatua ya 6: Vitabu na majarida

Hii ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Sajili chuo kwenye Research4Life, ambapo taasisi za nchi kama yetu hupata majarida ya afya, kilimo na mazingira bila malipo. Tumia Koha kwa maktaba na Moodle kwa moduli, zote ni programu huria. Intaneti ikiwa ya kusuasua, mkutubi apakue makala za muhula mzima na kuziweka kwenye kompyuta ya ndani ya chuo, wanafunzi wazichukue kwa flashi. Nakala za vitabu vya msingi bado zinunuliwe. Simu haimtoshi mtu kusoma sura nzima.

## Hatua ya 7: Badilisha swali la mtihani

Ukitaka kujua haraka kama chuo kinafundisha shahada kweli, omba karatasi ya mtihani. Tazama mfano huu wa fani ya ufugaji nyuki, niliouweka kwa Kiswahili.

Swali la stashahada: *Taja na ueleze sababu nne zinazofanya nyuki wahame mzinga.*

Ni swali zuri kwa ngazi yake. Fundi anatakiwa kuzijua sababu hizo kichwani.

Swali la shahada: *Kikundi cha wafugaji wa Sikonge kina mizinga ya magome na ya masanduku katika msitu mmoja. Jedwali linaonyesha mizinga iliyokaliwa kila mwezi kwa miaka miwili, mvua ya kila mwezi na tarehe za mioto ya misitu. Kikundi kinataka kuacha kabisa mizinga ya magome. Kwa kutumia takwimu hizi, wape uamuzi na ueleze ni takwimu gani zaidi ungehitaji ili uwe na uhakika.*

Mwanafunzi aliyekariri sababu nne hawezi kulijibu. Aliyefikiri anaweza, hata kama amesahau sababu moja. Na sehemu ya mwisho ya swali ndiyo yenye alama nyingi, kwa sababu inamtaka aone mipaka ya alichonacho.

Utaratibu wa kutunga uwe huu. Mhadhiri atunge mtihani pamoja na mwongozo wa kusahihisha, vyote kwa wakati mmoja. Mwenzake wa fani asome na kujaribu kujibu. Maswali ya kutaja na kuorodhesha yasizidi sehemu ndogo ya karatasi. Kisha mtahini wa nje aione kabla haijachapwa. Mgawanyo wa alama kati ya tathmini endelevu na mtihani wa mwisho ufuate mtaala ulioidhinishwa, usibadilishwe katikati ya muhula hata kwa nia njema.

Tahadhari. Mkitumia maswali mapya bila kubadilisha ufundishaji, darasa zima litafeli. Maswali ya aina hii yaanzie kwenye semina wiki ya pili.

## Hatua ya 8: Fildi na utafiti vifuate msimu wa mahali

Kwa kawaida fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, huwekwa Julai hadi Septemba, chuo kikiwa kimefungwa. Kwa Tabora hiyo ni bahati. Mvua zimekwisha, barabara za Urambo na Kaliua zinapitika, na mwanafunzi wa uhasibu akienda chama cha msingi wakati wa masoko ya tumbaku anakuta vitabu vikiandikwa mbele ya macho yake. Akienda Januari atakuta mkulima yuko shambani na ofisi imefungwa.

Kwa Kigoma angalia mara mbili. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikikomaa. Mwanafunzi aliyefika mwalo wa Kibirizi wiki ya mwezi mpevu atakuta nyavu zimeanikwa na vichanja vitupu. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika upande wetu ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Usitisho wa namna hiyo unakula nusu ya msimu wa fildi. Mratibu aulize ofisi ya uvuvi kabla ya kupanga tarehe, na wanafunzi wa fani za samaki wawe na dirisha lao la peke yao, ikibidi katikati ya muhula.

Vibali vianze mapema:

1. Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ishuke wilaya au halmashauri, kata na kijiji. Mwanafunzi abebe nakala ya kila barua.
2. Utafiti wa wanyamapori katika hifadhi za Gombe au Mahale unapitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI).
3. Kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, zinahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye wiki nane, mada ya kambini mara nyingi haiwezekani. Mwambie hivyo wakati wa kuchagua mada, asije akaligundua mwezi wa mwisho.

Mada nazo zipunguzwe ukubwa. "Changamoto za ushirika mkoani Tabora" haifanyiki. "Kwa nini wanachama wa chama kimoja cha Urambo wanachelewa kurejesha mikopo ya pembejeo" inafanyika, na chama chenyewe kitataka kuisoma.

Utajua umefaulu ukiona nakala ya utafiti wa mwanafunzi kwenye meza ya mwajiri, imepigiwa mistari.

## Hatua ya 9: Mtahini wa nje na kufunga mwaka

Mtahini wa nje atoke taasisi inayotoa shahada ya fani hiyo. Asiwe rafiki wa mkuu wa idara, wala aliyefundisha kwako hivi karibuni. Mtumie mitaala, mitihani na miongozo ya kusahihisha wiki nne kabla. Panga safari yake mapema, hasa ya Kigoma, na mpe siku tatu kamili. Akifika Jumatatu mchana akaondoka Jumanne, atakusainia karatasi tu.

Awekewe mezani karatasi za majibu za juu, za kati na zote zilizofeli, pamoja na kazi za tathmini endelevu. Apewe nafasi ya kukaa na wanafunzi bila mwalimu chumbani.

Ripoti yake ikifika, mratibu aitengenezee jedwali lenye safu nne: alichosema, tutafanya nini, nani, lini. Jedwali liingie kikao cha bodi ya taaluma kabla udahili wa mwaka unaofuata haujafunguliwa, kwa sababu mojawapo ya majibu yanayowezekana ni kupunguza idadi ya wanafunzi. Ripoti ikisema wasimamizi wa utafiti hawatoshi, na jedwali la saa ulilotengeneza hatua ya pili likasema hivyohivyo, dahili 30 badala ya 60 mwaka huo. Mhasibu atalalamika kuhusu ada. Mpe jedwali alisome.